Uzi: Nimekula na watoto kwenye migahawa ya Kikorea kipindi cha baridi kali, yaliyonikuta haya hapa

Mzaramo wa Suwon (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi nipo masomoni Suwon, mji ulio kusini mwa Seoul, ukipanda treni ya mstari namba moja ni kama saa nzima hadi mjini kati. Desemba shule za nyumbani zilipofungwa, mke wangu akaja na watoto wetu wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4. Wakakaa wiki tatu. Kabla ya safari tulibishana kwenye simu karibu kila usiku, na ubishi wenyewe ulikuwa wa chakula, makoti na viza havikumsumbua kabisa. Mama watoto aliapa wanawe hawatakula "vidude vya Kichina". Nikamwambia hawa si Wachina, akanijibu "haohao". Akafunga kilo nne za sembe, uji wa lishe, na tomato sosi chupa mbili.

Sembe ile, mpaka naandika hapa, imebaki kilo tatu na nusu kabatini kwangu.

Siku ya kwanza wamefika wamechoka, nje ni nyuzi 11 chini ya sifuri, dogo pua inachuruzika na analia kwamba masikio yanamuuma. Mimi sina nguvu ya kusonga ugali. Nikawavuta mpaka kijimgahawa cha supu karibu na ninapoishi, kile cha mama mtu mzima na mumewe, meza sita tu. Pale viatu vinavuliwa mlangoni na mnakaa chini kwenye mikeka. Sasa Wakorea sakafu zao zina mabomba ya maji ya moto kwa chini, mfumo wenyewe unaitwa ondol. Zamani ulikuwa ni moshi wa jikoni unapitishwa chini ya mawe ya sakafu, siku hizi ni boila. Dogo alipokanyaga tu na soksi zake, akanyamaza. Akainama, akagusa sakafu kwa kiganja. Halafu akalala kifudifudi katikati ya mgahawa, shavu chini, mikono kaitandaza kama mjusi juani, watu wanamruka. Mama yake anaona aibu, anamvuta mguu. Mwenye mgahawa akacheka, akaleta mto.

Nikaagiza seolleongtang bakuli tatu, won 13,000 (pesa ya hapa) kila moja. Hii ni mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa saa nyingi mpaka supu inakuwa nyeupe kama maziwa. Haina pilipili wala chumvi, chumvi unatia mwenyewe mezani, na majani ya vitunguu. Ndani kuna vipande vya nyama na tambi nyembamba. Mke wangu akaonja kijiko kimoja, akanitazama. "Haya si makongoro haya?" Ni makongoro wakuu. Makongoro yaliyochujwa na kuoga.

Kituko kilianza vilipoletwa vile visahani. Mnajua Wakorea ukiagiza kitu kimoja vinakuja na vitu vidogo vidogo pembeni, wanaita banchan: kimchi (mboga zilizochachushwa na pilipili), mchicha uliochemshwa na mafuta ya ufuta, dagaa wa kukaanga wenye utamu kidogo, mayai. Mke wangu akahesabu visahani saba, akaanza kuvisukuma kurudi ukingoni mwa meza. "Hatujaagiza hivi, hawa wanataka kutupiga." Nikamwambia ni bure, na vikiisha wanaongeza bure. Hakuamini. Alikula huku anahesabu mpaka nilipolipa na kumwonyesha risiti.

Na dogo akaona kisahani cha figili zilizokatwa vipande vya mraba, nyekundu, zinang'aa maji. Kkakdugi. Akapaza sauti "TIKITI!" na kabla sijanyoosha mkono kipande kizima kipo mdomoni.

Naendelea, ngoja nikaweke chai.

Kisiki cha Mpingo

Nimeshakaa mkao wa kula hapa. Tikiti la pilipili 😂😂 Mkuu usikawie.

Mama Kulwa

Jamani mtoto wa watu. Ikawaje?

Mzaramo wa Suwon

Alifumba macho. Hakutema, alikuwa kaduwaa. Halafu machozi yakaanza kushuka yenyewe bila sauti, hapo ndipo nilipoogopa. Nikampa maji. Kosa. Hapa hata theluji iwe inaanguka, mgahawani unaletewa maji ya barafu, sijui kwa nini, na maji ndiyo yanausambaza moto mdomo mzima. Yule mama akaja mbio na bakuli la wali na kachupa kadogo ka maziwa mgando matamu, akampa wali kwanza, kijiko baada ya kijiko, kisha maziwa. Anamsemesha Kikorea, dogo anamjibu Kizaramo chake. Baada ya dakika tano akaomba "tikiti lingine, lakini lioshwe".

Wakamwoshea. Kweli kabisa, yule mama alichukua figili akaisuuza kwenye kikombe cha maji akampa. Nikaja kugundua ndivyo wanavyowalea wa kwao, mtoto anaanza na kimchi ya kuoshwa, rangi ikishatoka, na kadiri anavyokua maji yanapungua.

Kwa hiyo pilipili haikuwa tatizo kama tulivyoogopa. Kinachonitoa jasho mimi ni VYUNGU. Supu inaletwa kwenye chungu cheusi kinaitwa ttukbaegi, na inapotua mezani bado inachemka, mapovu yanaruka. Inakaa hivyo dakika kadhaa. Kuna na bakuli la jiwe la wali, dolsot, lile lina joto kali kiasi kwamba wali unaungulia na kushika chini kama ukoko wetu, kwa makusudi. Hata kibakuli cha wali cha kawaida ni cha chuma chenye mfuniko, na chuma kinashika moto balaa. Mtoto wa miaka minne akikaa chini, meza ile fupi inamfika kifuani, kila kitu kipo usawa wa mikono yake. Siku ya tatu, mgahawa mwingine, binti alisogeza chungu kwa kidole. Lengelenge lilikaa wiki. Tangu hapo ninapokaa tu naangalia mhudumu anapitishia wapi sinia, watoto nawaweka upande wa pili, na naomba vibakuli vitupu. Namimina supu kidogo, wanakula hiyo, chungu kinabaki mbele yangu.

BintiPaje

Assalaam alaykum. Asante kaka kwa uzi. Mimi nipo Muscat na mume wangu anataka atupeleke Seoul likizo ya Januari, watoto watatu, na wote wanapenda tamthilia za Kikorea kuliko masomo. Nguruwe na pombe ndiyo hofu yangu. Pana usalama kweli?

Omosh wa Ansan

Wacha nimjibu dada, mimi niko hapa Ansan mwaka wa sita, jirani zangu nusu ni Wauzbeki na Waindonesia, kwa hivyo hii maneno naijua.

Nguruwe yuko kila mahali, tena anajificha. Mandu (zile kama sambusa za kuchemsha) nyingi ni nguruwe. Donkkaseu ambayo watoto wataitamani juu inakaa kama kuku wa kukaanga, hiyo ni nguruwe. Gimbap (wali uliofungwa kwa majani meusi) ya kawaida inawekwa hemu ndani. Sundae usidanganyike na jina ukadhani ni aiskrimu, ni utumbo uliojazwa damu. Shika neno moja tu, dwaejigogi, ndiyo nyama ya nguruwe. Uliza kabla ya kuketi.

Lakini nendeni Itaewon. Msikiti mkuu wa Seoul uko pale juu ya kilima tangu 1976, na barabara inayopanda kwenda msikitini imejaa mikahawa ya halali, ya Kituruki, Kipakistani, na ya Kikorea pia, mtapata hadi bulgogi, nyama ya ng'ombe yenye utamu kidogo. Halafu shirika la utalii la Korea limeweka mikahawa kwa madaraja: yenye cheti cha halali, ile mwenyewe ni Mwislamu anayejithibitishia, ile ya kirafiki yenye baadhi ya vyakula, na ile isiyo na nguruwe tu. Hizi mbili za mwisho uziangalie vizuri kwa sababu pombe inaweza kuwa inauzwa hapo hapo.

Nje ya hapo, samaki wa kuchoma na wali. Mikahawa ya samaki iko mingi na mtoto haezi kataa.

BintiPaje

Allah akujaze kheri. Na hayo majani meusi wanayofungia wali, watoto wangu wanayataka kila siku wakiona kwenye luninga. Si mwani ule? Kwetu Paje na Jambiani mama zetu wanalima mwani tangu mimi mdogo, tunaukausha, unapakiwa unaondoka. Hakuna aliyewahi kuniambia unaliwa 😄

Omosh wa Ansan

Ni mwani lakini si ule wenu. Wa Zanzibar unaenda viwandani, wanakamua ile kitu ya kugandisha vyakula na dawa ya meno. Huu wa hapa unaitwa gim, unamea kwa bahari baridi, wanaukausha kama karatasi halafu wanapaka mafuta ya ufuta na chumvi. Mtoi yeyote atakula. Kuna mwingine wa supu, miyeok. Mwanamke akijifungua anakunywa hiyo supu wiki kadhaa, na kila siku yako ya kuzaliwa unapikiwa.

Mchagga Halisi

Huo ni mtori wao sasa. Nimewaelewa Wakorea leo.

Tripu ya Mwisho

Mkuu samahani, mimi sielewi. Unatoa watoto Bongo kwenye jua, unawapeleka kwenye friji, unatumia mamilioni, halafu wanakula makongoro. Si wangekwenda Mikumi?

Mzaramo wa Suwon

@Tripu ya Mwisho ndugu yangu, baba yao hayupo Mikumi.

@BintiPaje hiyo gim ndiyo iliyotuokoa. Dogo aliishi kwa gim, wali na gyeran-jjim. Hii ya mwisho ni yai lililopikwa kwa mvuke ndani ya chungu, linafura linatokeza juu kama andazi, laini, halina pilipili. Sehemu nyingi za nyama ya kuchoma wanayo. (Chungu tena! Usiache mtoto aguse.)

Maneno yaliyonisaidia: "an maepge haejuseyo", nipikie bila pilipili. "Agi uija" kiti cha mtoto. Na mhudumu mama mtu mzima unamwita "imo", au "imonim" kwa heshima. Sasa nisikilizeni hapa. Imo kwa Kikorea ni dada wa mama yako, yaani mama mdogo au mama mkubwa. Nilipomweleza binti, hakuuliza swali la pili. Kwake ilikuwa sawa kabisa kwamba mwanamke anayekupa chakula ni mama mdogo. Akawa anaita kwa sauti "Imooo!" ukumbi mzima unageuka. Wazee walikuwa wanamletea machungwa madogo kutoka mifukoni mwao. Nchi yenyewe watoto wamekuwa adimu, mwaka 2023 uzazi ulishuka hadi 0.72 kwa mwanamke mmoja, kwa hiyo ukiingia na wawili wenye kelele, tena weusi wenye nywele za kusuka, wewe ni sherehe.

Siyo kila mahali. Seoul, mtaa mmoja wa mikahawa ya vijana, tulizuiwa mlangoni. Karatasi imebandikwa kwenye kioo: nokijeu-jon. Maana yake watoto hawaruhusiwi. Binti alishajifunza kusoma herufi zao kwa wiki mbili (hangul ni rahisi, zinasomeka kama zilivyoandikwa, kama Kiswahili tu), akasoma silabi kwa silabi, no-ki-jeu-jon, akanigeukia kwa furaha ya kuweza kusoma. Anataka nimwambie maana yake. Nikamwambia wamefunga.

Baadaye nikajua kwamba hata wao wanagombana juu ya hili. Mwaka 2017 tume yao ya haki za binadamu ilisema mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju uliokataza walio chini ya miaka 13 ulibagua. Ila tume inapendekeza tu, hailazimishi, na karatasi bado zimebandikwa.

Mama Kulwa

Hapo kwa binti nimeumia. Haya tuambie nyama, maana wengine ndiyo tunachosubiri.

Mzaramo wa Suwon

Nyama sasa. Suwon ndiyo nyumbani kwa galbi, mbavu za ng'ombe, na za hapa ni kubwa na zinakolezwa kwa chumvi, wengine wanatumia sosi ya soya. Tulikwenda mara moja tu kwa sababu bei inauma, nililipa won laki moja na nusu na kidogo, kwa pesa yetu kama laki mbili na sabini hivi. Na hawakuuzii sahani ya mtu mmoja, nyama ya kuchoma unaanzia sahani mbili.

Viti vya pale ni kama mapipa madogo. Unafunua mfuniko wa kukalia, unatupia koti ndani ili lisinuke moshi, unafunika unakaa. Dogo alifungua na kufunga kile kiti mara zisizohesabika, akaficha kofia, akaficha kiatu cha dada yake, akataka kuingia mwenyewe.

Mkaa upo katikati ya meza. Imo anakuja na koleo mkono mmoja na MKASI mkono mwingine, anakata nyama juu ya moto, chwa chwa chwa. Mke wangu: "Mkasi wa nguo?" Wa jikoni, mama. Tuliporudi alinunua mmoja, na huko Kisarawe sasa hivi anakatia kuku, mchicha, hadi chapati ya dogo.

Nyama unaiweka kwenye jani la saladi, na kitunguu saumu, unakunja unatia mdomoni lote kwa mara moja. Ssam. Ni tonge la majani. Watoto waliokataa saladi maisha yao yote walimaliza kapu mbili wakaomba la tatu, na lilikuja bure.

Kisiki cha Mpingo

Swali la wenye njaa: muda wa kula vipi? Wangu akishikwa na njaa hana subira.

Mzaramo wa Suwon

Umegusa kidonda. Migahawa mingi inafunga saa 9 mchana hadi saa 11 jioni, wapishi wanapumzika. Watu wa ofisini wanajaa saa 6 hadi saa 7, hupati meza. Sasa wewe umezunguka kasri la Gyeongbokgung na watoto, mmetoka saa tisa na nusu, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, njaa imewashika, na milango yote imefungwa. Nimesimama pale na mtoto anayelia mgongoni, natukana kimoyomoyo. Kuleni saa 5 na nusu. Jioni saa 11 kamili muwe mlangoni.

Omosh wa Ansan

Na hiyo masaa mawili ya katikati ndio ya barabarani! Mbona hujataja? Winta ya Korea bila chakula cha barabarani ni nini? Goguma, viazi vitamu vilivyochomwa ndani ya pipa, unavipasua moshi unatoka, ndani ni njano kama asali. Mtoto wa Kiafrika hahitaji kufundishwa hiyo. Bungeoppang, mkate wa umbo la samaki wenye maharage matamu tumboni. Eomuk, samaki aliyesagwa akatungwa kwa kijiti, na ile supu yake unachota na kikombe bure, unashika na mikono miwili upate joto.

Hotteok tu ndio uchunge. Ni kama chapati iliyojazwa sukari guru na mdalasini na karanga, na hiyo sukari ndani inakuwa maji yanayochemka. Mtoto aking'ata haraka inamwagika kidevuni. Ipasue kwanza ipoe.

Tarehe 22 Desemba hivi, siku ile fupi kuliko zote, kuna uji wa maharage mekundu, patjuk, wenye vidonge vya unga wa mchele. Zamani walisema rangi nyekundu inafukuza mashetani.

Halafu nakusahihisha kitu kidogo ndugu, kabla hujasema samgyetang ni ya baridi kama watalii wote. Kuku mzima na wali tumboni na ginseng (mzizi wa dawa), ndio, watoto watapenda, lakini wenyewe wanaipangia foleni siku tatu za joto kali za kiangazi. Na naengmyeon, tambi za barafu, asili yake ilikuwa chakula cha majira ya baridi kule Pyongyang. Hawa watu wako kinyume!

Mzaramo wa Suwon

😂 Nilikuwa naiandika hiyo ya samgyetang, nimefuta. Asante.

Naongeza ya mwaka mpya. Januari mosi wanakula tteokguk, supu ya vipande vya keki ya mchele, nyeupe, nayo haina pilipili. Imani yao ni kwamba ukimaliza bakuli umeongeza mwaka mmoja wa umri. Juni 2023 serikali iliachana na ile hesabu ya zamani ya umri, ya kila mtu kuongeza mwaka Januari mosi, kwenye mambo ya kisheria, lakini supu haijui sheria. Binti alipoelezwa, akala bakuli mbili harakaharaka afikishe 11, kwa sababu mama yake alishasema simu ni mpaka ufikishe 11. Akaweka kijiko chini, akanyoosha mkono.

Mama yake akamwambia zile za utotoni alizoruka anadaiwa.

Mama Kulwa

😂😂😂 Mke wako nampa maua yake.

BintiPaje

Nimeshaandika kila kitu kwenye daftari. Wamerudi salama sasa?

Mzaramo wa Suwon

Wamerudi, wapo Kisarawe kwa bibi yao. Jana nimepiga simu wakati wanakula. Nimesahau kuwaambia kwamba hapa mezani kuna kitufe, ukibonyeza kinalia, mhudumu anakuja. Dogo ndiye alikuwa mbonyezaji mkuu wa familia. Basi nasikia bibi anauliza, "Huyu mtoto kila akimaliza mboga anaigonga hii meza kwa kidole, ana nini?"